Usomekaji wa vitabu vya uthamini wa majengo ya biashara: ugumu uko wapi hasa

Mwanafunzi wa uthamini anapofungua sura ya majengo ya biashara katika kitabu kikubwa cha kiada kilichoandikwa Uingereza au Marekani, hukutana na ukurasa wa namna ileile. Juu pana aya mbili au tatu za maelezo. Katikati pana mfano wa hesabu wenye kodi ya pango kwa mwaka, gharama za uendeshaji, pato halisi linalobaki baada ya gharama hizo, na kiwango cha faida, yaani asilimia inayotumika kugawa pato hilo ili kupata thamani ya jengo. Chini pana jibu lililopigiwa mstari. Anasoma aya, anafuata hesabu, anafika kwenye jibu lilelile la kitabu na kuamini kwamba ameelewa. Akipewa jengo halisi lenye fremu chini na ofisi juu, hajui aanzie wapi.

Nimefanya kazi ya uthamini kwa muda mrefu, kwanza Dar es Salaam na sasa Mwanza, na sehemu ya kazi hiyo imekuwa kuwaongoza vijana wanaoletwa ofisini kwa mafunzo kwa vitendo. Kwa sababu hiyo vitabu hivi nimevisoma kama mtu anayetafuta jibu la kazi iliyo mezani, na pia kama mtu anayepaswa kumweleza mwingine kilichoandikwa. Nimefikia kuamini kwamba vingi havisomeki vizuri, na kwamba tunautafuta ugumu wake mahali pasipo pake tunapolaumu hesabu, Kiingereza au urefu wa sentensi. Kwa maoni yangu kasoro kubwa ni kwamba kitabu huwa na maneno mengi pale ambapo jambo ni jepesi, na hupita kwa nusu sentensi pale ambapo mthamini anatakiwa kuamua.

Nianze na urefu wa sentensi, kwa kuwa ndio unaotajwa zaidi watu wanapozungumzia usomekaji. Mwaka 1948 Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyefanyia kazi zake Marekani, alitoa kanuni ya kupima wepesi wa maandishi ya Kiingereza. Unachukua 206.835, unaondoa wastani wa maneno kwa kila sentensi uliozidishwa kwa 1.015, kisha unaondoa wastani wa silabi kwa kila neno uliozidishwa kwa 84.6. Matini nyepesi hukaribia 100 na ngumu hukaribia sifuri. Mwaka 1975 kanuni hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ili itaje darasa la shule badala ya alama, na leo imo ndani ya programu za kuandikia. Ni kanuni yenye manufaa kwa kazi iliyokusudiwa, lakini haivuki mpaka wa lugha yake. Kiswahili huweka nafsi, wakati na kitenzi katika neno moja, kwa hiyo aya yenye wastani wa maneno 15 kwa sentensi na silabi 2.8 kwa neno itapata alama takriban 45 chini ya sifuri, hata kama mtoto wa darasa la tano anaielewa bila taabu.

Hata kwa Kiingereza chenyewe kanuni hiyo haioni kinachomsumbua msomaji wa vitabu vyetu. Sentensi inayosema kwamba kiwango cha faida hupatikana sokoni ni fupi na ina maneno ya kawaida, na kipimo chochote cha aina hii kitaipa alama ya juu. Ndiyo sentensi ngumu kuliko zote katika sura nzima.

Kwa upande mwingine ipo fasili ya thamani ya soko katika Viwango vya Kimataifa vya Uthamini. Hiyo ni sentensi moja ndefu yenye masharti yanayofuatana: kiasi kinachokadiriwa, tarehe ya uthamini, mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari, watu wasio na uhusiano wa kupendeleana, mali iliyotangazwa ipasavyo, kila upande ukitenda kwa ufahamu, kwa busara na bila kushurutishwa. Kanuni ya Flesch ingeikataa mara moja. Lakini viwango hivyo haviishii kwenye fasili. Huichukua sentensi hiyo kipande kwa kipande na kueleza kila kipande kinamaanisha nini na kinazuia nini. Mnunuzi aliye tayari si yule mwenye pupa ya kununua kwa bei yoyote, na muuzaji aliye tayari si yule aliyebanwa na deni hata akalazimika kuuza kabla mwezi haujaisha. Kijana akishazisoma kurasa hizo anaweza kunieleza mwenyewe kwa nini bei ya jengo lililopigwa mnada haiwezi kuingizwa kwenye ulinganisho bila kurekebishwa. Sentensi ni ngumu, maandishi yanasomeka, na hakuna kilichopunguzwa kwenye maana.

Sasa nirudi kwenye ule mfano wa katikati ya ukurasa. Chukua jengo ambalo, baada ya kuondoa ulinzi, bima, matengenezo na vipindi ambavyo fremu hukaa wazi bila mpangaji, humwachia mwenyewe shilingi milioni 72 kwa mwaka. Kitabu kitagawa milioni 72 kwa 9% na kupata milioni 800. Kama mwandishi angechagua 8%, jibu lingekuwa milioni 900, na kwa 10% lingekuwa milioni 720. Kurasa kadhaa hueleza kwa uangalifu namna ya kufika kwenye ile milioni 72: kipi kinaingia kwenye gharama na kipi hakiingii, kwa nini marejesho ya mkopo wa mwenye jengo hayahesabiwi kuwa gharama ya jengo, kwa nini fungu la matengenezo makubwa litengwe hata katika mwaka ambao paa halikuguswa. Kurasa hizo ni nzuri na ninazipenda. Kisha 9% huingia kwa maneno machache yanayosema kwamba kiwango kimetokana na uchunguzi wa mauzo ya mali zinazofanana, na hesabu inaendelea. Asilimia moja pale hubadilisha thamani kwa milioni 80 au 100, wakati kosa katika makadirio ya gharama za ulinzi lingeigeuza kwa kiasi kidogo tu.

“Samahani dada, hii asilimia tisa wameitoa wapi?” Swali hili nimeulizwa na karibu kila kijana makini niliyemwongoza, na huwa nalifurahia kwa sababu linaonyesha kwamba amesoma kweli. Asiyeliuliza amefuata hesabu tu.

Kitabu kinachosomeka kingemjibu palepale, kwa kumwekea mauzo matatu mbele yake. Jengo la kwanza lina pato halisi la milioni 30 na liliuzwa milioni 340, yaani kiwango cha 8.8%. La pili lina milioni 45 na liliuzwa milioni 480, yaani 9.4%. La tatu lina milioni 24 na liliuzwa milioni 200, yaani 12%. Hapo mwandishi angeeleza kwa nini la tatu ameliweka kando: pengine lilikuwa la mirathi na warithi walitaka kugawana upesi, pengine mpangaji wake mkubwa alikuwa ameshatoa taarifa ya kuhama. Angeeleza kwa nini jengo linalothaminiwa linafanana zaidi na la kwanza kwa mahali lilipo lakini linafanana zaidi na la pili kwa umri, na kwa hiyo amesimama kwenye 9%. Na angeongeza onyo ambalo kila mthamini wa hapa kwetu analijua, kwamba bei iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauzo wakati mwingine ni ndogo kuliko fedha zilizopita mkononi, kwa kuwa kodi za uhamisho hukokotolewa kutokana na bei hiyo. Yote hayo yangechukua ukurasa mmoja na nusu. Ndio ukurasa na nusu ambao ningeununua kwa bei ya kitabu kizima.

Kwamba jambo gumu linaweza kuandikwa upya likasomeka bila kupoteza chochote, taaluma yetu yenyewe ina ushahidi. Mwaka 1959 L. W. Ellwood alichapisha Marekani majedwali pamoja na fomula ya kupata kiwango cha kugeuza pato kuwa thamani, pale ambapo mnunuzi anatumia mkopo. Wazo lake lingeeleweka na mfanyabiashara yeyote. Jengo hununuliwa kwa fedha za benki na fedha za mnunuzi. Kila upande unataka malipo yake. Deni linapungua kadiri linavyolipwa. Na jengo lenyewe linaweza kupanda au kushuka bei kabla mnunuzi hajaliuza tena. Ila aliliandika kwa aljebra iliyobanwa, ambamo herufi moja ilisimama badala ya kundi la herufi nyingine, na fomula hiyo ikapata sifa ya kutisha. Mwaka 1970 Charles Akerson alionyesha kwamba kitu kilekile kinaweza kupangwa kwenye safu moja ya kujumlisha na kutoa.

Nimeitumia safu hiyo kufundishia na inafaa kuielezea. Mstari wa kwanza ni sehemu ya bei inayotokana na mkopo, ikizidishwa kwa kiwango cha marejesho ya mwaka. Mkopo ukiwa 60% ya bei na marejesho ya mwaka yakiwa 0.15 ya deni la mwanzo, mstari huo ni 0.090. Wa pili ni sehemu ya mnunuzi mwenyewe, ikizidishwa kwa faida anayoitaka: 40% kwa 0.18 ni 0.072. Jumla ni 0.162. Kutoka hapo unatoa sehemu ya deni itakayokuwa imeshalipwa siku jengo litakapouzwa, iliyosambazwa kwenye miaka ya umiliki. Na mwisho unatoa kiasi cha kupanda kwa thamani au unaongeza kiasi cha kushuka, nacho kikiwa kimesambazwa vivyo hivyo. Kinachobaki ndicho kiwango cha kugawia pato. Jibu ni lilelile la Ellwood. Tofauti ni kwamba msomaji wa safu hii anaweza kusimama kwenye kila mstari na kuuliza kama ni kweli: je, benki za mji huu hukopesha kweli 60% ya thamani ya jengo la biashara? Je, kuna mnunuzi atakayeridhika na 0.18 wakati dhamana za serikali zinalipa kiasi fulani bila usumbufu wa wapangaji? Aljebra ilikuwa na maswali hayohayo ndani yake, lakini haikumpa msomaji nafasi ya kuyaona.

Vitabu vya Uingereza, ambavyo ndivyo vilivyounda mafunzo ya uthamini Afrika Mashariki, vina tatizo la namna nyingine. Mazoea ya soko lao yamezama ndani ya majedwali, na mwandishi hayataji kwa sababu kwake ni kama hewa. Majedwali ya Parry, yaliyotoka mara ya kwanza mwaka 1913 na kutumiwa na vizazi vya wathamini, hukupa kizidishi cha kodi: ukijua kodi halisi ya mwaka na kiwango cha faida, jedwali hukuambia uizidishe kodi hiyo kwa ngapi ili upate thamani. Kwa pato lisilo na mwisho, kiwango cha 8% hutoa kizidishi cha 12.5. Kinachokaa kimya ndani ya namba hiyo ni dhana kwamba kodi hulipwa mara moja kwa mwaka, na kwamba hulipwa mwaka ukiisha. Uingereza kwenyewe kodi za majengo ya biashara zimezoeleka kulipwa kila robo mwaka na kulipwa mbele, na matoleo ya baadaye yaliongeza majedwali ya hali hiyo. Lakini mifano mingi ya vitabuni iliendelea na jedwali la zamani kwa sababu ni jepesi kufundishia.

Kariakoo, au barabara za katikati ya Mwanza, mwenye fremu hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kabla mpangaji hajaingiza mzigo. Tufanye hesabu ili ionekane dhana hiyo ina uzito gani. Kodi halisi ikiwa milioni 60 kwa mwaka na kiwango kikiwa 8%, jedwali la malipo ya mwisho wa mwaka linatoa milioni 750. Kodi hiyohiyo ikilipwa kila robo mwaka mbele, kizidishi kinakuwa 13.12 na thamani inakaribia milioni 787. Ikilipwa ya mwaka mzima mbele, kizidishi kinakuwa 13.5 na thamani inakuwa milioni 810. Tofauti kati ya jibu la kwanza na la mwisho ni milioni 60, yaani kodi ya mwaka mmoja kamili, na haingeweza kuwa vingine, kwa sababu ndiyo kodi ambayo mwenye jengo anakuwa ameshaipokea siku ya kwanza.

Mthamini mzoefu atanijibu kwamba kosa hili hujifuta lenyewe iwapo kiwango cha 8% kilipatikana kwa kuyachambua mauzo mengine ya mtaa huohuo kwa jedwali hilohilo, na yuko sahihi kabisa. Ukipima kwa rula iliyopinda na kukata kwa rula hiyohiyo, vipande vitaoana. Ila jibu hilo halimo kwenye sura anayoisoma mwanafunzi, na bila kulijua atachukua kiwango kilichochambuliwa kwa njia moja, akakitumia kwenye jedwali la njia nyingine, na hakuna kitu kwenye ukurasa kitakachomwonya. Aya moja ingetosha.

Dhana ya pato lisilo na mwisho nayo ina asili yake. Vitabu hivyo viliandikwa katika nchi ambako mtu anaweza kumiliki ardhi moja kwa moja bila ukomo wa miaka. Tanzania iliufuta umiliki huo mwaka 1963 na kuugeuza kuwa wa muda wa miaka 99 chini ya serikali. Leo ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwenye jengo huwa na hati ya miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo kijana wetu, kama anasoma kwa uaminifu, hajui aingie sura ipi: ile ya umiliki wa daima, ambayo hana, au ile ya upangaji wa muda mrefu, ambayo inazungumzia wapangaji wa mabwanyenye wa London na kodi ya ardhi inayopitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa.

Hesabu ingempa jibu la kutuliza moyo kama kitabu kingemfanyia. Kwa kiwango cha 9%, kizidishi cha pato lisilo na mwisho ni 11.11, cha miaka 99 ni 11.11 vilevile ukikadirisha. Cha miaka 66 ni 11.07, cha miaka 33 ni 10.46. Hati mpya ya miaka 33 inabeba takriban 94% ya thamani ya umiliki wa daima. Kinachobadilisha mambo ni hati iliyobakiza muda mfupi: kwa miaka 10 kizidishi kinashuka hadi 6.42, na jengo la kodi halisi ya milioni 50, ambalo kwa miaka 33 lingethaminiwa milioni 523, linakuwa milioni 321. Hapo ndipo penye maamuzi, kwa sababu wanunuzi wengi wanategemea kwamba muda utaongezwa na wanalipa bei inayoonyesha matumaini hayo. Mthamini anatakiwa kuyapima matumaini hayo kwa ushahidi: majengo ya jirani yaliongezewa muda? Kuna mpango wa kupanua barabara? Matumizi yaliyoandikwa kwenye hati ndiyo yaliyopo kwenye kiwanja? Kitabu cha nje hakiwezi kujua maswali haya, na simlaumu mwandishi wake. Lakini kitabu kinachosema wazi kwamba kinafanya hesabu chini ya sheria gani za ardhi ni rahisi zaidi kusomwa na mtu wa nchi nyingine kuliko kile kinachodhani ardhi ni ileile kila mahali.

Hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa hata suala la kama ardhi tupu ina thamani halikuwa wazi kwa muda mrefu. Kabla ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, fidia ilitazama zaidi maendelezo yaliyofanywa juu ya ardhi. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka miongoni mwa misingi yake kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Mwanafunzi anayekisoma kitabu cha Kiingereza kinachotenganisha thamani ya kiwanja na thamani ya jengo tangu ukurasa wa kwanza anahitaji kuambiwa kwamba hapa kwake utengano huo ulipatikana kwa sheria, tena si zamani sana.

Kuna kilemba pia. Anayetaka fremu kwenye mtaa wenye wateja wengi mara nyingi humlipa mpangaji anayetoka kiasi kikubwa mbali na kodi ya mwenye nyumba, na kiasi hicho hakionekani kwenye mkataba wowote ambao mthamini ataonyeshwa. Kilemba kikubwa ni dalili kwamba kodi iliyoandikwa iko chini ya ile ambayo soko lingelipa. Vitabu vina sehemu inayohusu fedha za kuingilia zinazolipwa mwanzoni mwa upangaji, na kanuni yake ya kuzisambaza kwenye miaka ya mkataba inatumika kwa kilemba vizuri sana; lakini mfano wake ni wa kampuni mbili zenye mawakili, kwa hiyo kijana anapita juu yake bila kutambua kwamba anasoma habari za Mtaa wa Kongo, kulekule Kariakoo.

Wakati mambo kama haya hayana nafasi, nafasi imejaa vitu vingine. Vitabu vya Uingereza vilibeba kwa miongo mingi njia ya kuthamini upangaji wa muda kwa viwango viwili, kimoja cha faida na kingine cha chini cha akiba ya kurudisha mtaji, pamoja na marekebisho ya kodi ya mapato juu ya akiba hiyo. Wataalamu wa Uingereza wenyewe waliikosoa vikali kwa hoja kwamba hakuna mnunuzi anayeweka akiba ya namna hiyo. Ingali ikifundishwa, na huwachosha wanafunzi kabla hawajafika kwenye mambo watakayoyatumia. Kitabu cha kiada hukua kwa kuongezewa. Kitabu kikuu cha taasisi ya wathamini ya Marekani kilitoka mwaka 1951 na toleo lake la 15 likatoka mwaka 2020. Kila kizazi kina sheria mpya na njia mpya za kuingiza, na kuondoa sura ya zamani kunahitaji ujasiri ambao kamati za wahariri huwa nao mara chache. Marekani kuna sababu ya ziada: baada ya taasisi nyingi za akiba na mikopo kuanguka katika miaka ya 1980, sheria ya mwaka 1989 iliwataka wathamini wa miamala inayohusu serikali kuu wawe na leseni au cheti cha jimbo. Kitabu kinachomwandaa mtu kwa mtihani wa leseni lazima kitaje kila kitu kinachoweza kuulizwa, na hakina budi kukitaja kwa namna isiyoweza kubishaniwa. Maandishi ya namna hiyo ni salama kwa mwandishi na ni mazito kwa msomaji.

Lugha nayo siwezi kuikwepa. Vyuo vyetu hufundisha uthamini kwa Kiingereza, na ripoti tunazopeleka benki ni za Kiingereza, lakini kazi yenyewe tunaifanya kwa Kiswahili: tunakagua na mlinzi, tunamhoji mwenye jengo, tunamuuliza dalali fremu ya pembeni imepangishwa kwa ngapi, tunamweleza mjane kwa nini fidia yake imekuwa kiasi hiki. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo mthamini anayeitwa kutoa ushahidi kuhusu thamani anapaswa kuweza kuitetea kwa Kiswahili mbele ya hakimu. Ninaona vijana wenye alama nzuri chuoni wakishindwa kufanya hivyo, na sidhani wanakosa Kiswahili. Walichosoma kilikuwa na hatua ambazo hazikuelezwa kwa lugha yoyote, wakazikariri, na kinachokaririwa hakitafsiriki. Ndiyo maana ninapowasahihishia rasimu ya ripoti huwataka kwanza waniambie kwa mdomo, kwa Kiswahili cha kawaida, wamefikaje kwenye kiwango cha faida. Anayeweza kulieleza hilo huwa ripoti yake ya Kiingereza inasomeka pia.

Kuna kipimo kimoja cha usomekaji ninachokiona kuwa karibu na hitaji letu. Mwaka 1953 Wilson Taylor alipendekeza kwamba badala ya kuhesabu silabi, tuchukue matini, tufute maneno kwa mpangilio maalumu, kwa mfano kila neno la tano, kisha tumpe msomaji ajaze mapengo. Akiweza kuyajaza, matini inamfikia. Mimi nimeigeuza kidogo kwa matumizi ya ofisini. Ninatoa nakala ya mfano wa hesabu kutoka kitabuni, kisha ninawataka vijana wajaze ambacho mwandishi anapaswa kuwa amekisema: kodi inalipwa lini na kwa mkupuo gani, ni nani anayefanya matengenezo, muda uliobaki wa umiliki ni upi, tarehe ya uthamini ni ipi, kiwango kimetokana na mauzo gani na yapi yamekataliwa. Wanaruhusiwa kutumia sura nzima. Ukurasa ambao unawawezesha kujaza mapengo hayo unasomeka hata kama sentensi zake ni ndefu.

Sura za njia ya gharama, yaani ya kukadiria jengo lingegharimu kiasi gani kujengwa, hufaulu kipimo hiki karibu kila mara, kwa sababu mwandishi hawezi kujenga ukuta kwenye karatasi bila kusema ni wa tofali gani. Sura za maduka na ofisi hufanya vibaya zaidi, nazo ndizo zinazotumika sana kazini. Kilichonishangaza ni sura za hoteli na vituo vya mafuta. Mali hizi huthaminiwa kutokana na biashara inayofanyika ndani yake, na vitabu huziweka mwishoni kama mali maalumu kwa wasomaji waliokomaa. Lakini kwa kuwa haiwezekani kuzithamini bila kufungua vitabu vya hesabu vya biashara, mwandishi analazimika kuanza na idadi ya vyumba, kiwango cha kujaa kwa usiku, bei ya chumba, mauzo ya chakula, mishahara, umeme, hadi kwenye faida inayobaki na jinsi itakavyogawanywa kati ya mwendeshaji na mwenye jengo. Kila namba ina mahali ilipotoka. Vijana huisoma sura hiyo wakibishana juu ya kila mstari: kama hoteli ya Mwanza inaweza kujaa kiasi hicho, kama mishahara si midogo mno, kama mwendeshaji angekubali kubakiwa na nusu. Siku hizi ndiyo ninayowapa kwanza, na sura ya maduka huja baada yake.